Tokeni Zinaliwa na Nini?

Tokeni za shilingi 200 zikinunuliwa Ijumaa, na kufikia Jumatatu mita imeanza kulia, lazima apatikane wa kulaumiwa. Katika ploti za Wote, Mwingi au Kwa Vonza, ambako wapangaji kadhaa hujikuta wakitumia mita moja, mtuhumiwa huwa yule mwenye chombo kinachoonekana: aliye na friji, au mwanafunzi anayeshukiwa kuficha koili ya kuchemshia maji chini ya kitanda. Mwenye simu tatu kwenye chaja naye husemwa. Dekoda iliyowaka mchana kutwa bila mtu wa kutazama chochote haimjii yeyote akilini. Mwishowe watu hupatana juu ya mchango wa kila mmoja, mwenye friji akaongezewa mia mbili, mwenye pasi akaongezewa hamsini, na viwango hivyo hukaa miaka bila mtu kujua kipi hula kiasi gani.

Jambo hili hupimika. Mita ya plagi ni kifaa kinachoenea kiganjani, chenye plagi ya pini tatu upande mmoja na soketi upande wa pili. Unakichomeka ukutani, kisha unachomeka friji au runinga juu yake. Stima inayoelekea kwenye chombo hupita ndani ya mita hiyo, nayo hupima mambo mawili kwa pamoja: volti, yaani msukumo wa stima, na ampea, yaani wingi wa mkondo unaopita. Chipu yake huzidisha volti kwa ampea mara nyingi sana katika kila sekunde, kwa sababu stima yetu huenda na kurudi kwa mizunguko 50 kwa sekunde na thamani hizo mbili hazitulii. Wastani wa hesabu hizo ndio wati. Wati zikijumlishwa saa baada ya saa hupatikana kilowati-saa, na kilowati-saa moja ndiyo uniti tunayouziwa na Kenya Power.

Hapa ndipo wengi hupotelea, kwa hiyo tutulie kidogo. Wati ni kasi ya maji yanayotoka bombani. Uniti ni mitungi iliyokwisha kujaa. Bomba lililofunguliwa lote kwa dakika nne laweza kujaza mitungi michache kuliko bomba linalovuja usiku na mchana. Lebo iliyo nyuma ya chombo hukuambia wati tu, tena mara nyingi zile za juu kabisa. Tokeni hulipia uniti.

Tofauti hiyo ina uzito wa aina nyingine mahali pasipofikiwa na gridi. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton cha Uingereza walishirikiana na wakazi wa soko la Kitonyoni, Makueni, kujenga mtambo mdogo wa sola wenye uwezo wa kilowati 13.5, ukiendeshwa kupitia ushirika wa wenyeji. Birika la umeme la kawaida huvuta wati 2,000. Birika saba zikiwashwa kwa pamoja ni kilowati 14, kuzidi kile ambacho paneli zote za soko zima zingetoa jua likiwa utosini. Kwenye mtambo kama huo kasi ndiyo ya kuchungwa, hata kama birika lenyewe litawaka dakika nne tu. Mnunuzi wa tokeni kule Kitui mjini hana shida hiyo. Yeye achunge mitungi.

Tuchukue nyumba ya kawaida basi, yenye taa nne za LED za wati 9 zinazowaka saa tano kila jioni. Hizo ni uniti 0.18 kwa siku. Runinga ya inchi 32 inayovuta wati 40 kwa saa tano hula 0.2. Dekoda ya wati 10 ambayo haizimwi ukutani hula 0.24, yaani zaidi ya runinga yenyewe. Watu hushtuka wakiona hivyo kwenye kioo cha mita. Ukibonyeza kitufe chekundu cha rimoti, runinga nyingi za kisasa hushuka hadi wati moja au chini yake, lakini dekoda nyingi hazishuki sana: taa inabadilika rangi, kazi ndani inaendelea. Spika zile kubwa za sebuleni nazo huwa na tabia hiyo hiyo. Chaja ya simu iliyoachwa ukutani bila simu, ambayo huwagombanisha watu kila siku, mara nyingi huonyesha sifuri, kwa kuwa inachovuta ni kidogo mno hata mita za bei nafuu hushindwa kukiona.

Sasa chemsha lita moja na nusu ya maji ya chai. Kutoka nyuzi 22 hadi yachemke, katika mwinuko wa Wote au Kitui mjini, fizikia inadai takriban uniti 0.13, na ukiongeza joto linalopotea ni kama 0.15. Chai ya asubuhi, kwa hiyo, ni sawa na ile dekoda kuwaka saa 15. Sisemi watu waache chai. Nasema anayechemsha birika lililojaa ili amimine kikombe kimoja analipia maji atakayoyaacha yapoe.

Na taa ya nje? Balbu ya zamani ya wati 60, ikiwaka kutoka jioni hadi alfajiri, saa 12, humaliza uniti 21.6 kwa mwezi. LED ya wati 9 mahali pale pale humaliza 3.24. Kwa hili sidhani mita inahitajika.

Mbona nahesabu hadi sehemu ya kumi ya uniti? Kwa sababu ya namna bei ilivyopangwa. Aprili 2023, Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, EPRA, ilishusha kikomo cha wateja wa bei nafuu kutoka uniti 100 kwa mwezi hadi 30. Bei ya msingi iliyotangazwa wakati huo ilikuwa shilingi 12.22 kwa uniti kwa nyumba isiyozidi 30, shilingi 16.30 kwa iliyo kati ya hapo na 100, na shilingi 20.97 kwa iliyozidi 100, kabla ya gharama ya mafuta, tozo na ushuru wa VAT wa asilimia 16. Viwango hurekebishwa, lakini muhimu ni zile ngazi. Mteja huwekwa kwenye ngazi kwa wastani wa matumizi yake ya miezi mitatu, na akishawekwa, uniti zake zote hutozwa bei ya ngazi hiyo. Uniti 30 kwa 12.22 ni shilingi 366.60. Uniti 31 kwa 16.30 ni shilingi 505.30. Uniti moja ya ziada, ikizoeleka, huongeza karibu shilingi 139 kabla ya kodi.

Uniti 30 kwa mwezi ni uniti moja kwa siku. Ile nyumba yetu ya taa nne, runinga na dekoda imeshafika 0.62. Ongeza birika moja, redio, simu na pasi ya sare za shule, na mpaka unakaribia. Katika nyumba kama hiyo dekoda inayozimwa ukutani usiku na mchana wa kazi huokoa uniti tano au sita kwa mwezi, na hizo ndizo zinazoweza kuamua familia ilale upande gani wa mstari. Matajiri hawana haja na hesabu hii. Maskini wa Zombe anaihitaji, na ndiye asiye na pa kuipata, kwa kuwa ujumbe wa tokeni humwambia amenunua uniti ngapi, wala haumwambii zimekwenda wapi.

Tuje kwenye friji, chombo kinachosingiziwa mengi na pia chenye makosa ya kweli. Friji haipimwi kwa dakika tano. Kompresa huwaka, hupumzika, huwaka tena. Ukiangalia mita wakati imelala utaona wati mbili na kudhani umepewa friji ya miujiza, ukiangalia wakati wa kuanza utaona mruko wa kutisha. Iache mita pale kwa siku tatu hivi, siku za kawaida, mlango ukifunguliwa kama kawaida. Kisha gawanya uniti kwa siku zilizopita. Tuseme kompresa ya wati 100 inafanya kazi asilimia 40 ya muda: hiyo ni 0.96 kwa siku, karibu 29 kwa mwezi. Friji hiyo peke yake imekula ngazi nzima ya bei nafuu.

Lakini asilimia 40 hiyo haitoki kiwandani, hutoka chumbani. Friji kazi yake ni kutoa joto ndani na kulimwaga nje, na nje kukiwa na joto, kazi huwa ngumu. Kikima, juu ya vilima vya Mbooni, usiku hupoa hadi watu hutafuta sweta. Mtito Andei na Kibwezi ziko chini, na chumba cha mabati pale, saa nane mchana, ni tanuri. Friji ile ile ikishushwa kutoka Mbooni hadi Mtito Andei yaweza kupanda kutoka asilimia 40 hadi 60, na uniti 0.96 zikawa 1.44. Kanuni za mwaka 2016 zinataka friji zinazouzwa Kenya ziwe na lebo ya nyota, na lebo hiyo ina faida kubwa ya kulinganisha friji mbili dukani. Haiwezi kukuambia friji itakula kiasi gani nyuma ya duka lako, ikiwa imebanwa ukutani bila nafasi ya hewa na mpira wa mlango umepasuka. Ndiyo maana naona mita ina faida zaidi huku nyanda za chini kuliko Nairobi. Pima friji, isogeze kutoka ukutani kwa shubiri moja, badilisha mpira, ipime tena. Utaona kwa tarakimu kama fundi alistahili pesa zake.

Jambo moja la kuangalia kabla ya kununua: stima ikipotea, je, mita inakumbuka hesabu? Baadhi zina betri ndogo ndani, au huhifadhi namba zenyewe. Nyingine hurudi sifuri. Kwa mtu anayepima friji siku tatu mahali ambapo stima hukatika, mita inayosahau ni hasara tupu.

Wafugaji wa kuku wa kienyeji wanafaa kusikiliza hapa. Mashine ndogo ya kuangulia vifaranga yenye lebo ya wati 80 hukaa kwenye stima siku 21, saa 504. Ukiizidisha lebo kwa saa unapata uniti 40. Lakini kipasha joto chake huwaka na kuzima kufuata nyuzi za ndani, na mashine ikiwa imefunikwa vyema, mahali pasipo upepo, huenda kikawaka nusu tu ya muda, uniti 20. Kati ya 20 na 40 pana faida au hasara ya kundi zima la vifaranga, hasa ikiwa nyumba ilikuwa chini ya 30 na sasa imevuka. Pima siku mbili za mwanzo mayai yakiwa ndani, zidisha kufikia 21, ndipo upange bei ya kifaranga.

Kioo cha mita huonyesha pia volti, na wengi huipuuza namba hiyo. Si sawa. Stima ya Kenya hutakiwa kuwa volti 240, lakini mwisho wa laini ndefu, jioni kila mtu akiwa amewasha, inaweza kushuka hadi 200 au chini yake. Kwa vyombo vya kupasha joto nguvu hufuata mraba wa volti: birika la wati 2,000 likipewa volti 200 hutoa kama wati 1,390. Chai itachelewa, ila uniti zitakuwa karibu zile zile, kwa sababu maji yanadai joto lile lile. Friji haina subira hiyo. Mota yake hujikaza kuanza, mkondo hupanda, nyaya zake hupata moto, na huko ndiko kompresa nyingi hufia. Anayeandika volti za saa moja jioni, saa nne usiku na alfajiri kwa wiki nzima ana ushahidi wa kupeleka ofisi ya Kenya Power, na ushahidi wenye tarehe na namba hupokelewa kwa heshima kuliko maneno «stima ni dhaifu».

Namba nyingine isiyoeleweka ni pawafakta. Katika vyombo vyenye mota au taa za zamani za mirija, mkondo huchelewa nyuma ya volti, kwa hiyo ampea huonekana nyingi kuliko kazi inayofanyika. Pawafakta ya 1 maana yake mkondo wote unafanya kazi, ya 0.6 maana yake sehemu yake inazunguka tu na kurudi. Mteja wa nyumbani halipii sehemu hiyo, hulipia uniti. Lakini juu ya jambo hili dogo pamejengwa biashara ya udanganyifu: vile visanduku vya kuchomeka ukutani vinavyouzwa kwa ahadi ya kupunguza bili kwa theluthi au nusu. Ndani, kama mna kitu, mna kapasita na taa ya kijani. Muuzaji hukuonyesha kipimo cha ampea kikishuka, na ni kweli zinashuka. Wewe chomeka mita ya plagi kwenye ukuta, juu yake soketi ya waya, na hapo weka feni pamoja na kisanduku cha muuzaji, kisha usome wati. Hazitashuka. Pengine zitaongezeka kidogo, kwa ajili ya ile taa ya kijani. Inaniuma kuona mtu anayenunua tokeni za hamsini hamsini akitoa akiba yake kwa kitu hicho.

Upande wa jikoni ndiko mita inakoleta habari njema. Ukambani tunapika muthokoi na isyo, mahindi na maharagwe yanayokaa motoni saa nyingi, na imani iliyopo ni kwamba stima haiwezi kazi hiyo bila kufilisi nyumba. Kwa jiko la umeme la koili imani hiyo ni sahihi: wati 1,500 zikiwaka saa mbili ni uniti 3, hata ukipunguza moto bado ni zaidi ya moja. Jiko la presha la umeme ni habari nyingine. Hupanda moto kwa dakika chache, kisha chungu kilichofungwa na kufunikwa vizuri hushikilia joto, na kipasha joto huwaka kwa vipindi vifupi tu. Jiko la wati 1,000 likiwaka jumla ya dakika 25 ndani ya saa nzima ya upishi limekula uniti 0.42. Kwa shilingi 25 kwa uniti, kodi zikiwa ndani, ni kama shilingi 10 na senti 50. Mwaka 2019 programu ya utafiti ya MECS, inayoongozwa na Chuo Kikuu cha Loughborough, ilitoa kitabu cha mapishi kiitwacho Kenya eCookbook, ambamo vyakula vyetu vya nafaka na maharagwe vilipikwa kwa vifaa tofauti na matumizi ya kila kimoja kupimwa. Maharagwe na vyakula vya kuchemka muda mrefu ndivyo vilivyolifaa jiko la presha kuliko vyote. Linganisha na bei ya mkebe wa makaa sokoni kwenu. Kitui, ambako gavana wa wakati huo, Charity Ngilu, alipiga marufuku biashara ya kusafirisha makaa mapema mwaka 2018 kwa sababu ya miti iliyokuwa ikiisha, hesabu hii ni ya mfuko na ya msitu kwa pamoja.

Mita ya plagi ina mipaka yake. Nyingi zimeundwa kwa ampea 13, karibu wati 3,000, kwa hiyo usiibebeshe soketi ya waya yenye birika na pasi kwa pamoja. Hita ya bafuni imefungwa moja kwa moja kwenye laini yake na haichomekeki. Pampu ya kisima na kinu cha posho ni kazi ya fundi. Sola ya volti 12, ile ya taa na redio, nayo hupimwa kwa kifaa cha aina yake.

Asiyeweza kununua anaweza kushirikiana. Kikundi cha mwethya kinachochimba mitaro pamoja kinaweza kuwa na mita moja ikazunguka, wiki hapa, wiki pale, na daftari likaenda nayo. Ploti nayo ikiwa na moja, mpangaji wa friji atalipa cha friji.

Na bila mita ya plagi kabisa, ile ya Kenya Power inasomeka. Ina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na kando yake pameandikwa idadi ya mipepeso kwa kila kilowati-saa. Chukua mfano wa 1,000. Zima vyote, acha friji peke yake, subiri kompresa iwake, hesabu mipepeso kwa dakika kumi. Ikiwa ni 20, kwa saa ni 120, yaani wati 120. Hita ya bafuni hupimika hivyo hivyo, ila mipepeso itakuja kwa kasi na utahitaji dakika moja tu. Nyumba ambayo mita yake iko juu ya nguzo na ndani kuna kibodi tu haiwezi kuiona taa hiyo. Hapo soma salio la uniti wakati wa kulala na wakati wa kuamka, usiku mmoja friji ikiwa imechomekwa na dekoda imezimwa ukutani, usiku wa pili dekoda ikiwa imeachwa iwake. Kinachozidi usiku wa pili, kwa kukadiria, ni cha dekoda.